Kisigino Kinauma? Punguza Mzigo, Usiache Mazoezi

Maumivu yanayochoma chini ya kisigino unaposhuka kitandani asubuhi, yakapoa baada ya hatua chache, kisha yakarudi jioni, mara nyingi hutoka kwenye ule utando mnene unaoshika mfupa wa kisigino na kwenda hadi kwenye vidole. Ushauri wa haraka huwa ni "pumzika mpaka yaishe". Sikubaliani nao. Anayeacha kukimbia bado anasimama dukani na kupanda ngazi, kwa hiyo utando haupumziki kweli; misuli ya shavu la mguu ndiyo inayolegea. Akirudi barabarani baada ya wiki sita, umbali uleule wa zamani unaukuta mguu dhaifu kuliko alivyouacha.

Weka kipimo cha 0 hadi 10. Maumivu yasizidi 3 au 4 wakati wa mazoezi, na kesho yake asubuhi hatua ya kwanza isiume kuliko ya leo. Hiyo asubuhi ndiyo hakimu wa kweli, maana mwili ukishapata joto hudanganya. Ikiuma zaidi, punguza umbali kwanza. Kuruka kamba, mbio za kasi na vilima viache kabisa kwa sasa. Pumzi itatunzwa na baiskeli au kuogelea.

Dawa yenyewe ni zoezi moja la ngazi. Kunja taulo liwe gumu, liweke ukingoni mwa kidato, vidole vyote vikae juu yake vikiwa vimepinda kuelekea juu, kisigino kikining'inia. Shika ukuta. Ukisimama kwa mguu mmoja, inua kisigino kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Uzito uwe wa kukuchosha ufikapo mara ya 12, usiweze ya 13; fanya seti 3, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baada ya wiki 2 ongeza uzito (begi mgongoni lenye pakiti za unga linatosha), ufanye mara 10 kwa seti 4. Baada ya wiki 2 nyingine, mara 8 kwa seti 5. Mguu mmoja ukikushinda, anza na miwili.

Mpango huu ulijaribiwa Denmark, na matokeo yakachapishwa 2014: baada ya miezi mitatu waliofanya hivi walikuwa na nafuu kuliko waliofanya kunyoosha peke yake, wote wakiwa na soli za ndani za kuegemeza kisigino. Mwaka ulipoisha, tofauti haikuonekana tena. Kwa hiyo faida yake ni kukufikisha mapema, na kwa mtu asiyetaka kupoteza msimu wake wa mbio hilo si dogo.

Wengi hukosea mahali palepale. Taulo linakuwa jembamba, vidole havipindi, na utando haupati mzigo. Au wanapanda na kushuka harakaharaka, kila siku, kisha wanasema zoezi halifai.

Kunyoosha bado kuna nafasi, hasa kabla hujakanyaga sakafu: pandisha mguu juu ya goti, vuta vidole kuelekea ugoko kwa sekunde 10, rudia mara 10. Chupa ya maji iliyogandishwa, ukiiviringisha chini ya wayo ukiwa na soksi, hutuliza tu.

Nyumbani, ndala zilizolika kwenye sakafu ya vigae zinaharibu kazi yote. Vaa kitu chenye soli nene. Ukinunua raba za mtumba, bonyeza soli ya povu kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au kiatu kinapinda katikati badala ya kwenye vidole, kiache hata kama kinang'aa.

Picha ya eksirei ikionyesha mwiba wa mfupa, usiogope: watu wengi wanao na hawaumwi. Sindano ya steroidi ningeiweka mwisho kabisa, kwa kuwa hutuliza kwa muda na inaweza kudhoofisha utando hadi ukachanika. Lakini kisigino kikiuma ukikibana pande zote mbili kwa viganja, au kikiuma usiku ukiwa umelala, au kuna ganzi, acha kukimbia na umwone daktari, kwani huenda mfupa una ufa au neva imebanwa. Mwenye kisukari asisubiri dalili hizo; amwone daktari kabla ya kuanza zoezi la ngazi, na barafu asiiguse kama miguu yake haihisi vizuri.