Dishi la kukodi si mawasiliano ya jeshi

Tangu nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika Mei 2024, kuna kauli haiishi Mombasa: wanamaji wa Mtongwe, kambi ya jeshi la majini la Kenya, wawekewe dishi za kibiashara za intaneti ya setilaiti, mambo yaishe. Kauli hiyo inanikera. Udhaifu mkubwa wa mitandao hii ya setilaiti uko ardhini, kwenye kompyuta zinazoamrisha modemu, vile vifaa vinavyounganisha dishi na kompyuta za mtumiaji.

Tazameni KA-SAT, setilaiti ya kibiashara ambayo jeshi la Ukraine lilikuwa likiitegemea. Tarehe 24 Februari 2022, saa moja hivi kabla ya Urusi kuvamia, wadukuzi walipenya kupitia VPN (njia ya siri ya kuingia mtandaoni ukiwa mbali) iliyopangwa vibaya, wakafika kwenye mtandao wa usimamizi, wakapeleka amri kwa mpigo kwa maelfu ya modemu. Modemu zilizipokea kama amri za mwenyewe, kumbukumbu zikafutwa. Setilaiti haikuguswa. Ujerumani, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo iliyotegemea setilaiti hiyohiyo ikapoteza usimamizi wa mbali, na kampuni yenye setilaiti ikalazimika kusambaza modemu mpya karibu 30,000. Usimbaji fiche hausaidii hapo: unaficha ujumbe, hauokoi modemu.

Halafu kuna mwenye mali. Mwaka 2022 Elon Musk alikataa kuwasha Starlink, mtandao wa setilaiti wa kampuni yake, karibu na Crimea, rasi iliyotwaliwa na Urusi, Ukraine ilipoomba. Tarehe 24 Julai 2025 hitilafu ya programu ikauzima mtandao huohuo duniani kwa takriban saa mbili na nusu, vitani kukiwemo.

Sawa, setilaiti za kimo cha kilomita 550, kama za Starlink, hujibu upesi kuliko zile za kilomita 35,786, kama KA-SAT, na dishi la Starlink hubebeka. Kwa hiyo litumike, ila kwa masharti. Njia ziwe mbili, za kampuni mbili, obiti (njia za setilaiti angani) tofauti na vituo tofauti vya ardhini. Redio ya HF, ile ya mbali isiyohitaji setilaiti, ibaki na wanaoijua. Modemu za akiba ziwe za aina nyingine, ghalani, zimezimwa. Dishi likae mbali na hema la kamanda, Wi-Fi yake izimwe, maana mawimbi yake humwonyesha adui mahali. Hapa pwani viungio vya waya vifungwe utepe wa mpira, chumvi huvila.

Na kila mwezi njia kuu ichomolewe bila kutangaza, saa za kazi. Mara nyingi njia ya akiba huwaka vizuri, lakini hakuna anayeweza kuingia kwenye mfumo, kwa kuwa seva ya kuhakiki nywila inafikiwa kwa njia kuu pekee. Seva hiyo iwe na nakala ndani ya kambi kabla dishi la kwanza halijapanda paa.