Hanania naye alihubiri matumaini

"Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Mhubiri akishasoma Yeremia 29:11, hufunga Biblia na kutangaza kwamba huu ni mwaka wa kuvuka: kazi, ndoa, nyumba. Watu huitikia amina. Aya ya 10 haisomwi, nayo iko pale pale juu yake, ikisema ahadi hiyo itatimia Babeli ikiisha kutimiza miaka 70.

Tukae hapo kidogo. Maneno hayo yamo katika barua ambayo Yeremia aliwapelekea Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli. Kabla ya kupewa tumaini, waliagizwa wajenge nyumba ugenini, wapande bustani, waoe na kuozesha watoto wao, tena wauombee amani mji waliohamishiwa. Mtu mzima aliyesomewa barua hiyo alielewa kwamba angezikwa huko huko. Sasa rudi nyuma sura moja umkute nabii Hanania. Alisimama hekaluni mwezi wa 5 akatabiri kwamba vyombo vya hekalu na mateka watarudi ndani ya miaka 2, akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kutawaliwa na Babeli. Yeremia akamwambia amewatumainisha watu uongo. Mwezi wa 7 mwaka uleule, Hanania akafa.

Anayeitumia 29:11 kuahidi mafanikio ya haraka anahubiri mahubiri ya Hanania kwa kinywa cha Yeremia. Asiyevuka mwaka ukiisha huambiwa imani yake ni haba, au hujiambia moyoni kwamba Mungu hatimizi neno lake. Hilo la pili linaniuma zaidi, maana Mungu hakuwahi kumwahidi alichoahidiwa na mhubiri.

Paulo, akiwaandikia Timotheo na Tito, husema "mafundisho yenye uzima". Neno la Kigiriki alilolitumia ni la afya, la mwili usio na maradhi. Kuhusu Himenayo na Fileto, waliosema ufufuo umekwisha kupita, anasema neno lao litaenea kama donda-ndugu. Ndivyo ilivyo, kwa kuwa donda la namna hiyo halikai lilipoanzia: ukiugusa ufufuo, umeugusa msamaha wa dhambi pia (1 Wakorintho 15:17).

Makosa mengi huanzia kwenye maandalizi. Mwalimu huchagua mada kwanza, akalitafuta neno "baraka" kwenye programu ya Biblia ya simu, akaokota aya 12 na kuzishona pamoja. Kila aya ni ya kweli, ila shono ni lake mwenyewe. Afadhali achukue fungu moja, alisome kwa sauti mara 3 pamoja na sura iliyotangulia na inayofuata, kabla ya kufungua kitabu chochote cha ufafanuzi. Asizitegemee namba: mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya zilitokea mwaka 1551. Ndiyo maana 1 Wakorintho 11:1, inayofungua sura, kwa kweli inafunga hoja ya sura ya 10.

Kisha aulize nani anasema, anasema na nani, kwa sababu gani. Aviwekee alama viunganishi: "basi" ya Warumi 12:1 imebeba mgongoni sura 11 zilizotangulia, na anayeanzia hapo huwapa watu amri bila kuwapa rehema zinazoizaa. Alinganishe tafsiri 2. Matumizi kwa wasikilizaji yaje mwisho, na kila hoja awe na aya ya kuinyoshea kidole.

Washirika nao wasomaji. Watu wa Beroya waliyachunguza maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, na Luka, mwandishi wa Matendo ya Mitume, anawasifu kwa hilo. Mchungaji anayeita maswali uasi anajiwekea heshima ambayo mtume hakuidai.

Ibilisi mwenyewe, alipomjaribu Yesu, alinukuu Zaburi 91 kwenye kinara cha hekalu. Aliacha maneno "katika njia zako zote", na akanyamaza kabla ya kufika aya ya 13, inayosema simba na nyoka watakanyagwa. Yesu hakubishana naye kama zaburi ile ni neno la Mungu. Alimjibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, akitanguliza maneno mawili: "Tena imeandikwa."