Hedifoni ya planari ya mtumba: besi tamu, kushoto kumezidi

Juzi tulikuwa kwenye studio ndogo ya rafiki yangu Kirumba, karibu na Mwaloni, madirisha tumeyafunga kukwepa kelele za malori ya dagaa. Tukapiga sauti ya mwimbaji kwa mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili, kwenye hedifoni yake. Ilipaswa isimame katikati ya kichwa, ikaegemea kushoto. Tukaivaa hedifoni kinyume, nayo sauti ikahamia kulia. Masikio yetu yakatoka kwenye lawama. Tukabadilisha waya, kisha mito ya masikio: bado kikombe kilekile ndicho kilichozidi.

Hedifoni yenyewe ni planari ya mtumba. Ya kawaida ina koili inayosukuma koni. Planari ina utando mwembamba wenye njia za umeme zilizotandazwa juu yake, mbele ya safu za sumaku, hivyo husukumwa karibu eneo lote kwa pamoja. Yamaha walizitoa tangu 1976, na wanaozisifu hawadanganyi. Besi inashuka bila kuvuma, na ngoma zikirundikana bado unasikia kila moja. (Uzito ni habari nyingine, baada ya saa mbili shingo inadai.)

Sasa, utando ni kama ngozi ya ngoma: mkazo ukitofautiana, mlio nao unatofautiana. Ndiyo maana watengenezaji makini hupima draiva (kile kitoa sauti ndani ya kila kikombe) na kuzioanisha mbili mbili. Watetezi wa planari husema hakuna jozi inayofanana kabisa, na kwamba makosa mengi ni ya mto uliobonyea na kuvujisha besi. Nakubali, ndiyo maana mito tuliijaribu. Tena, tofauti ya desibeli 1 anayesikiliza akipika chakula haitamsumbua.

Anayemiksi, yaani anayepanga sauti za wimbo, je? Pengo likiwa sawa kuanzia besi hadi juu, kitufe cha balansi, kinachogawa sauti kushoto na kulia, kinalimaliza. La rafiki yangu linaanzia kwenye matoazi na "s" za mwimbaji, besi ziko sawa. Hapo inabidi ekwalaiza (ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu) ya kila upande peke yake, na kipimo cha kuiongoza, ambacho hana. Fundi wa mjini atakuchomea waya uliokatika kabla chai haijapoa, lakini kukaza utando upya ni kazi ya kiwandani, na kiwanda kiko ng'ambo. Kwa Mwanza, mimi nisingelipa kabla ya kuigeuza kichwani nikisikiliza mono.

Yeye hajaiuza. Anasikilizia besi tu. Kupanga vyombo kushoto na kulia amerudia hedifoni yake ya zamani, ile iliyozungushiwa solotepu.