Msambazaji Anayeogopa Kulalamika Hana Sheria ya Kumlinda

Juzi nilimsikia mchambuzi mmoja redioni akisema kwamba Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, chombo cha serikali kinachosimamia ushindani wa haki katika biashara, inawafukuza wawekezaji kwa kuwatoza faini wenye maduka makubwa, ilhali maduka hayo ndiyo yanayotuuzia unga, mafuta na sabuni kwa bei nafuu. Kauli hiyo imenikera kwa sababu inamtazama mnunuzi aliye mbele ya rafu peke yake, na kumsahau aliyeileta bidhaa kupitia mlango wa nyuma.

Jirani yangu husindika yogati na kuiuzia duka moja kubwa ambalo sitalitaja. Alinionyesha mchanganuo wa malipo yake ya mwezi mmoja, malipo ambayo yenyewe yalikuwa yamechelewa. Chini ya jumla ya mauzo kulikuwa na makato ya marejesho ya fedha, yaani sehemu ya mauzo ambayo msambazaji hulirudishia duka, makato ya matangazo ambayo hakuyaomba, makato ya kufunguliwa kwa tawi jipya, na makato ya bidhaa zilizorudishwa baada ya kuharibikia kwenye jokofu la duka lenyewe. Mshahara wa kijana anayepanga yogati hiyo rafuni pia huulipa yeye. Nilipomuuliza kwa nini hajalalamika, alinijibu kwamba oda inayofuata ingekwenda kwa mwingine.

Mambo hayo yamekatazwa waziwazi. Kifungu cha 24A cha Sheria ya Ushindani kinamzuia mnunuzi mwenye nguvu, kama vile duka kubwa, kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kukataa au kurudisha bidhaa bila sababu, kuvunja mkataba kwa uamuzi wa upande mmoja bila taarifa ya kutosha wala sababu ya haki, na kumsukumia msambazaji gharama au hasara ambazo ni za duka. Wakenya hatukukitunga kifungu hicho kwa kuiga wageni. Tulikuwa tumeiona kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ikianguka huku ikidaiwa mabilioni na wasambazaji, na baadaye Tuskys ikafuata njia ileile.

Sheria imekwisha kuuma, hilo nakubali. Mwaka 2020 Mamlaka iliamua kwamba Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, ilikuwa imetumia vibaya nguvu zake dhidi ya Orchards Limited, kampuni ndogo iliyokuwa ikiiuzia yogati. Mwaka uliofuata Jopo la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya Mamlaka, liliunga mkono uamuzi huo na kuagiza mikataba ya wasambazaji wote irekebishwe. Faini yenyewe, hata hivyo, ilikuwa takriban shilingi 124,000, kwa kuwa ilikokotolewa kwa mauzo ya bidhaa za msambazaji huyo mmoja. Faini kama hiyo haiwezi kuibadilisha tabia ya kampuni ya ukubwa ule. Desemba 2023, kampuni hiyohiyo ilitozwa takriban shilingi bilioni 1.1 baada ya malalamiko ya Woodlands, inayouza asali, na Pwani Oil. Hapo ndipo kelele za kuwatetea wawekezaji zilipopanda, jambo linaloonyesha kwamba adhabu ilikuwa imefika mahali pake.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kesi zote mbili zilimngoja aliyeumizwa ajitokeze kwa jina lake. Pwani Oil ni kampuni kubwa inayoweza kuajiri mawakili na kuendelea kuuza kwingine wakati kesi inasikilizwa. Jirani yangu hawezi, maana yogati haingoji hukumu. Haki inayomtaka mnyonge ahatarishe riziki yake ndipo isikilizwe inawafikia wachache tu, nao si wale wanaoihitaji zaidi.

Naambiwa kwamba msambazaji alitia saini mkataba kwa hiari yake. Ni kweli alitia saini, lakini mkataba uliletwa ukiwa umekwisha kuchapishwa, na hakukuwa na nafasi ya kubadilisha hata neno moja. Ni kweli pia kwamba maduka makubwa yameshusha bei za baadhi ya bidhaa. Hata hivyo, wasindikaji wadogo wakifunga milango mmoja baada ya mwingine, rafu itabaki na majina mawili matatu, na hapo bei hiyo nafuu haitakuwa na wa kuilinda.

Kwa wanaokula njama za kupanga bei, Mamlaka imeonyesha inaweza: Agosti 2023 ilizitoza kampuni 9 za chuma takriban shilingi milioni 339. Kuhusu kampuni zinazoungana au kununuana, ningependa kila ombi la muungano linalofikishwa kwa Mamlaka lichunguzwe pia kwa upande wa wasambazaji, kwamba baada ya muungano watabakiwa na wanunuzi wangapi.

Lakini la haraka ni hili la rafuni, na halihitaji sheria mpya. Mamlaka inaweza kuanzisha uchunguzi bila kungoja malalamiko, na pale inapoona sekta ina dalili za unyanyasaji inaweza kuzitaka kampuni ziwasilishe ripoti. Iitishe mikataba ya wasambazaji wa maduka yote makubwa pamoja na michanganuo ya malipo, ilinganishe makato na kilichokubaliwa, kisha itangaze ilichokuta bila kumtaja msambazaji hata mmoja.