Shemeji Kaleta Ramu

Kompyuta ya steshenari yangu hapa Mwananyamala ni ya mezani, ya mtumba, na kwa muda mrefu tulikuwa tunaheshimiana. Mimi siifungulii kazi mbili kwa mpigo, yenyewe hainiaibishi mbele ya wateja. Ilikuwa na ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, vijiti viwili vya GB 2 aina ya DDR3, na kwa barua za kuomba kazi na picha za pasipoti hiyo ilitosha.

Aliyetuvuruga ni mwalimu wa hisabati. Alikuja na flashi, ndani mna mtihani wa muhula wa darasa la saba umejaa michoro ya pembetatu, anataka nimpangie kurasa vizuri kisha nimtolee nakala. Nikawa nateremka ukurasa kwa ukurasa, mashine inahema, hadi ukurasa wa mwisho. Hapo ikaganda. Na ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa wa majibu: 1. C, 2. A, 3. B, kushuka hadi chini, kwa herufi nene.

Ilikuwa saa ya watoto kutoka shule, wamejaa dirishani wananunua madaftari. Ghafla kimya. Watoto wa darasa la saba wakinyamaza dirishani kwako, jua kuna kitu wanakisoma. Mmoja alinunua kalamu akaanza kuitumia pale pale. Mwalimu akavua mtandio akaitupia kompyuta, mimi nachezesha kipanya hakisogei, na nyuma ya kundi kuna sauti inanong'ona, "Ya nne nimeikosa, ya nne ni ipi?"

Jioni mke wangu akampigia simu mdogo wake.

Shemeji yangu huyu ndiye mjuzi wa kompyuta wa ukweni. Ndiye aliyeniwekea Windows wakati naanza biashara, na tangu hapo hakuna kikao cha ukoo ambacho hilo halikutajwa. Alikuja, akafungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa. "Shemeji, tatizo lako ni ramu. Nipe hela niende Kariakoo."

Cha kwanza alichorudi nacho kilikuwa DDR4. Sasa, DDR3 ina pini 240 kwenye ukingo wa kuchomekea, DDR4 ina 288, na ule mkato wa katikati hauko mahali pamoja. Wameusogeza makusudi ili mtu asichomeke kisichofaa. Shemeji aliuona ule mkato kuwa ni ubishi tu. Akapiga goti, akaweka dole gumba, akavuta pumzi. Madabodi, ule ubao mkuu wa mashine, ikalia kaa! Nikamshika mkono nikamwambia shemeji, pole pole, hii ndiyo inayomlisha dada yako.

Akarudi Kariakoo. Safari hii alikuja anatabasamu, ameshika kijiti cha GB 8, na chenji mkononi. Chenji! Toka nimjue shemeji hajawahi kunirudishia chenji, ningeshtuka pale pale.

"Hii imetoka kwenye seva, shemeji, ile mashine kubwa inayohudumia kompyuta nyingine. Seva ya kampuni. Mtu aliyezoea kubeba magunia bandarini, utamshinda kwa kumpa mkoba?"

Hoja ilikuwa nzuri. Na kijiti kiliingia bila ugomvi, mkato umekaa sawa, vishikizo vya pembeni vikajifunga vyenyewe, tak, tak. Tukawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Halafu kutoka ndani ya boksi: pii, pii, pii. Kimya. Pii, pii, pii.

Hapa inabidi mjue nyumba yenyewe. Fremu yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na LUKU ya nyumba nzima ni moja, iko ukutani kwenye korido, nyuma kabisa ya kaunta yangu. Yuniti zikikaribia kuisha inalia. Kila mpangaji pale anaujua mlio ule kuliko anavyoujua mlio wa simu yake, maana baada yake hufuata mchango, na baada ya mchango hufuata maneno.

Sisi tumejifungia tunahamisha kijiti kutoka tundu hili kwenda lile, tunazima, tunawasha, pii pii pii. Huko nje nasikia milango inafunguliwa. Dada wa saluni: "Juzi tu nimetoa elfu tano!" Fundi cherehani: "Mimi cherehani yangu ya miguu, umeme naujua wapi?" Mama mwenye nyumba naye na daftari lake: "Kuna mtu humu ndani anapikia umeme. Leo nitamjua."

Sikushughulika. Kelele za LUKU kwetu ni za kila mwezi. Hata mchango wangu nilitoa, dirishani, nikarudi kwenye kazi.

Msako ukaanza. Walipitia vyumba vyote, na kwa kijana wa chumba cha mwisho, yule anayetuapia kila siku kwamba anatumia gesi, wakakuta jiko la koili chini ya kitanda, bado la moto, juu yake sufuria ya maharage. Jamani, yule kijana aliongea! Mara ni la rafiki yake, mara ni la kupashia maji ya kuoga, mara maharage yenyewe si yake. Akatozwa mchango wa watu wawili papo hapo. Umeme ukanunuliwa kwa simu, dada wa saluni akawa anasoma zile tarakimu 20 kwa sauti, mama mwenye nyumba anabonyeza. Zikakubali. Wakashusha pumzi.

Pii, pii, pii.

"Imekula na bado inalia?" Mama akasogea karibu na mita akaikodolea macho. Wakati huo huo shemeji akazima mashine ili ahamishe kijiti. Kukawa kimya. Watu wakashukuru, wakaanza kutawanyika. Shemeji akawasha. Pii, pii, pii. Ni fundi cherehani aliyeweka sikio ukutani. Nikashtukia nyumba nzima imesimama dirishani kwangu, na kijana wa chumba cha mwisho ndiye yuko mbele, amekunja mikono.

"Baba," mama mwenye nyumba akaniuliza taratibu, "humo ndani umeweka nini?"

Nikasema, "Shikamoo mama." Hakuitikia.

Asubuhi nikapanda daladala la Kariakoo mwenyewe, kijiti mfukoni. Nilimpata fundi mmoja kijana, meza yake iko kwenye ngazi za jengo, upana wake kama sinia. Hakuwasha chochote. Alikipokea, akakigeuza kwenye mwanga, akaniwekea ukucha kwenye lebo: PC3-10600R.

"Bosi, soma hiyo herufi ya mwisho. Ya mashine za kawaida huishia na U." Kisha akanionyesha chipu. Kijiti cha kawaida kina nane upande mmoja. Hiki kina tisa, hiyo ya ziada ni ya kukagua makosa. Halafu pale katikati kuna kajichipu kengine, kamekaa peke yake, umbo tofauti na wenzake. Hako ndiko kanakopokea amri kutoka kwenye prosesa, ubongo wa mashine, kabla hazijafika kwenye chipu nyingine. Seva imetengenezwa ikijua hilo. Mashine ya ofisini haijui, na ukizichanganya R na U kwenye madabodi moja ndiyo kabisa, haiwaki. Mkato ni ule ule wa DDR3, pini ni zile zile 240, kwa hiyo kuingia kinaingia. Kampuni zikitupa seva za zamani, vijiti hivi humwagika sokoni, na kwa kuwa mashine za kuvipokea ni chache, bei yake ndiyo hiyo iliyomrudisha shemeji na chenji.

Akaniuzia kingine, GB 4, PC3-12800U, cha kasi ya 1600. Vile vyangu vya nyumbani ni vya kasi ya 1333. Nikamuuliza kama vitaelewana. "Vitaelewana, ila vyote vitatembea mwendo wa kile kizito. Vile vidogo viwili viweke njia moja, hiki njia ya pili, ili pande zote ziwe na nne nne. Na kabla hujachomeka, sugua pini kwa kifutio cha penseli." Kifutio! Nina boksi zima dukani.

Nilivichomeka mwenyewe, shemeji anashika tochi, wapangaji wako dirishani. Walishachangia hii kazi, huwezi kuwafukuza. Nikabonyeza swichi. Mlio mmoja mfupi tu, kisha maandishi: 8192 MB. Dada wa saluni akapiga kigelegele. Hata fundi cherehani alipiga makofi, na huyo hapigi makofi kwenye harusi.

Windows ikafunguka. Nikaenda kwenye taarifa za mashine ili watu waone thamani ya michango yao. Imeandika: ramu iliyowekwa GB 8. Pembeni, kwenye mabano: inayotumika GB 3 na ushei.

Nikamgeukia shemeji. Shemeji anaangalia feni.

Windows aliyoniwekea ilikuwa ya biti 32, si ile ya 64. Hiyo hesabu yake ya anwani za kumbukumbu inaishia GB 4, na ndani ya hizo nne kipande kinashikwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Hata ungeipa ramu ya seva kumi, yenyewe ingehesabu vidole vile vile. "Wakati ule ulikuwa na ramu ndogo, shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "nilikupa inayokutosha." Na ukweli ni kwamba hapo alikuwa na haki, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Mama mwenye nyumba alisikiliza maelezo yote, ya R na U, ya 32 na 64, akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha akafungua daftari. Kijana wa jiko la koili arudishiwe mchango wa pili. Na LUKU ya mwezi ujao ni ya steshenari peke yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inalia.