Kuku Mgeni Asichanganywe Leo

Kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku (Newcastle), kikipita, lawama zote huangukia upepo. "Ni msimu wake," watu husema, na yakaishia hapo. Mimi siuamini upepo kiasi hicho. Kwa mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba, kideri mara nyingi hupita mlangoni: ndani ya kuku aliyenunuliwa, kwenye tenga la kuazima, au chini ya viatu vya jirani aliyekuja kuona vifaranga.

Anayenitia hofu zaidi ni kuku mgeni. Jogoo ni mrefu, manyoya yanang'aa, basi anafunguliwa kamba na kuachiwa papo hapo katikati ya mitetea. Kuku aliyeambukizwa kideri anaweza kukaa siku 2 hadi 15 bila dalili yoyote, na huanza kutoa virusi kabla hajasinzia wala kuharisha kijani. Kwa hiyo kumkagua macho na kumpapasa kifua hakutoshi. Atengwe wiki 2 kwa uchache, 4 zikiwezekana, awe na chombo chake cha maji, na ahudumiwe mwisho baada ya wenyeji. Hilo la mwisho husahaulika sana, na bila hilo kumtenga ni kujifurahisha tu.

Kuhusu chanjo, nimechoka kusikia "nilichanja na bado wakafa." Ukidadisi, utakuta ilitolewa kuku wakiwa wameshaanza kufa. Chanjo haitibu, kinga huhitaji wiki 1 hadi 2 kujengeka. Au iliwekwa kwenye maji ya bomba, klorini ikaviua virusi hai vya chanjo kabla kuku hawajanywa. Kwa kundi dogo mimi napendelea chanjo ya kideri iitwayo I-2, ya tone la jicho, kwa kuwa huvumilia joto kuliko nyingi na unajua kila kuku amepata. Lakini hurudiwa kila miezi 3 hadi 4, na haizuii magonjwa mengine ya kuku kama Gumboro wala ndui. (Ndui hubebwa hata na mbu, kwa hiyo madimbwi karibu na banda nayo yafukiwe.)

Antibiotiki nisizizungumzie sana. Haziui virusi vya kideri, basi.

Jambo gumu ni lile la kuuza haraka kuku wanaozubaa. Naelewa uchungu wa kuona hasara inakuja. Hata hivyo, anayefanya hivyo anapeleka ugonjwa sokoni, na kutoka sokoni unagawanywa nyumba kwa nyumba. Sioni namna ya kulipamba jambo hilo. Mizoga nayo isitupwe vichakani mbwa wakaisambaza. Ichomwe au ifukiwe kwa kina.

Vifo vingi vya ghafla viripotiwe kwa mtaalamu wa mifugo, hata kama una hakika kuwa ni kideri. Mafua makali ya ndege huua kwa namna inayofanana nacho mno, na ni maabara tu inayoweza kuyatofautisha. Mwaka 1997 aina ya mafua hayo iitwayo H5N1 iliambukiza watu 18 huko Hong Kong, 6 wakafariki. Ndiyo maana ile desturi ya kumuwahi kwa kisu kuku anayekata roho, "asife bure," mimi naipinga kabisa: kumchinja na kumnyonyoa ndiko kunakomweka mtu karibu zaidi na virusi hivyo.