Tunapokea bima. Anapokea nani?

Nnaandika hii nimo ndani ya gari ya Fuoni, hapa Unguja, nimebanwa dirishani, mapajani nimepakata mkoba wa mama watoto, bahasha ya ultrasaundi na fungu la maembe mabichi ambayo si yangu. Msinambie pole. Nataka mtu mmoja tu anijibu, kile kibandiko cha mlangoni mwa spitali kinachosema TUNAPOKEA BIMA, anayepokea ni nani? Mlango?

Mie ni mtu wa heshima zake. Mwalimu wa hesabu, skuli ya serikali, mashati yangu yote yana mfuko wa kalamu. Tangu 2023 sisi wafanyakazi wa serikali tunakatwa ya bima mshahara haujaniona hata sura, na sikunung'unika, nikasema tabu iko wapi, siku nikiumwa tutarudishiana. Basi ndo siumwi. Hata mafua yakinipata yananipata siku ya Idi mosi, kote pamefungwa. Sasa mama watoto alipopata ujauzito nikasema leo ndo leo, mfuko utakutana na mwenye mfuko.

Huyu ni mtoto wa pili, na wa kwanza alitoka kwa operesheni. Nesi wa kituo chetu kaitazama kadi ya kliniki, kanitazama mie kama niliyempasua ni mie, kasema mama huyu ana kovu, lazima amuone daktari bingwa wa kina mama mapema, ipangwe atazaa vipi na wapi, si kungoja uchungu uje saa nane za usiku ndo tuanze kugombana na madereva wa teksi. Nikasema sawa sista. Akaongeza, na mahudhurio sio manne tena baba, Shirika la Afya Duniani limeshapandisha, nane, tangu 2016. Nane! Hesabu ndo kazi yangu, nikaipiga pale pale nimesimama. Mara nane kwa dakta wa elfu arubaini, kumuona tu, laki tatu na ishirini, na hapo hujanunua hata dawa ya kiungulia. Nikatabasamu. Nikasema sista usihofu, bima ipo.

Kumbe bima ipo, daktari yupo, ila hawaamkiani.

Nikatafuta orodha ya spitali za bima nikaanza kupiga simu. Ya kwanza haipatikani. Ya pili kapokea mtu anauza tailizi, kaniuliza nataka za choo au za sebule. Ya tatu ipo kweli, bima wanachukua kwa mikono miwili, daktari bingwa wao ni wa meno. Ya nne anapatikana daktari wa kina mama ila ni mwanamme, mama watoto akasema hataki, na nilipouliza kwa nini nikatazamwa jinsi ambayo sikuuliza tena.

Najua mtanambia nenda ya serikali. Nimekwenda! Daktari yupo, wa kike, mashaallah ana mkono mwepesi wanamsifu wote. Tumefika alfajiri ya saa kumi na mbili na nusu, mbele yetu matumbo arubaini na kitu yamejipanga kwenye mabenchi, na mwenye tumbo la arubaini ana watoto wawili wengine wanapigania chupa ya maji. Saa saba dakta zamu yake imekwisha katoka, katupitia hapa hapa, kasalimia na kusalimia, kaingia garini. Jioni nikaambiwa yupo kliniki yake binafsi, nenda hakuna foleni. Mtu yule yule, mikono ile ile, bei ndo nyengine. Na kule bima? Aaa, kule kashi.

Babu yangu Mungu amrehemu hakuchoka kuisimulia Machi 1964, matibabu yalipotangazwa bure, alikuwa akiisimulia kama mtu aliyetangaziwa peke yake. Na mie nimezaliwa Mwembeladu, spitali ya wazazi, mama kaenda na kanga zake mbili na chupa ya uji karudi na mie, hakuna aliyemuuliza kidole.

Ndio, kidole. Hapo ndo nnapopataka.

Leo asubuhi tumekwenda kwenye ile spitali ya vioo, jina nnalimeza. Mlangoni kibandiko hicho kikubwa. Ndani kiyoyozi, sakafu inateleza, mtoto wa kike kaunta kajifunga mtandio vizuri, sauti ya upole kama anakuuzia uturi. "Karibu ami. Mnatumia bima? Mama naomba aweke kidole hapa." Kuna kimashine kidogo cha kusoma alama za vidole, kina jicho jekundu.

Sasa Jumamosi ilikuwa harusi ya mdogo wake mama watoto. Mnajua harusi zetu. Vidole vyote vimechovywa hina mpaka kwenye fundo, imekolea nyeusi, na kiganjani maua ya piko yanapanda yanatafuta kiwiko. Kaweka gumba. Mashine ikalia tii. "Alama haisomeki." Kaweka cha shahada. Tii. Cha kati. Tii. Mtoto wa kaunta kavuta pumzi kidogo, kasema "Mama, huna kidole chengine?"

"Nimekuja navyo kumi," mama watoto kajibu, na mie nikajua leo hatutoki salama.

Wakafuta kwa spiriti. Tii. Wakafuta kwa kitambaa cha maji ya moto. Tii. Hapo ukumbi mzima ushageuka. Bibi mmoja kasema hina haitoki kwa spiriti mwanangu, limau na chumvi. Kijana kavunjika mkono, bandeji imening'inia shingoni, kasema mafuta ya taa, yeye alikuwa fundi rangi anajua. Mlinzi kaacha geti kaja kusema kwao Makunduchi kuna mtu alisomeka kwa kupuliza kidole, basi mama watoto kaambiwa apulize, anapuliza, na bibi naye anapuliza, mie nimesimama na kalamu zangu mfukoni nnawatazama watu wazima wanapulizia kidole cha mke wangu kama uji wa mtoto. Tii. Kaja meneja na tai. Kasema tatizo mama amebadilika. Kabadilika vipi? "Kimfumo." Nikamwambia bwana mkubwa, mie ndo mumewe, nathibitisha ni yeye, hata nyote mkitaka nitaapa. Kasema mfumo haupokei kiapo.

Kidole cha tisa, tii. Mtoto wa kaunta kashafika pahala anaiomba radhi mashine. Kumebaki kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, kimefungwa kitambaa, maana siku ya harusi mama watoto kaumwa na mbuzi, yaani ile mbuzi ya kukunia nazi, kakikwaruza ubavuni, na kwa ajili ya kidonda aliyempaka hina akakiruka. Kikafunguliwa. Cheupe, kimenywea, kina aibu kama mtu aliyeamshwa. Ukumbi kimya. Kaweka.

Taa ya kijani.

"Alhamdulillah!" nyumba nzima. Bibi kapiga kigelegele. Yule kijana kapiga makofi kwa mkono mmoja na paja. Mlinzi kanipa mkono, na mie nimeupokea jamani, nimeupokea kama mgombea aliyeshinda. Nikarekebisha kola, nikaegemea kaunta kidogo, nikasema kwa sauti ya staha, "Haya binti yangu. Sasa tuoneshe chumba cha dakta wa kina mama."

"Dakta wa kina mama hapokei bima, ami."

Sikusikia. Nimesikia ila masikio yalikataa kupitisha.

"Nyinyi si mnapokea?"

"Sisi tunapokea."

"Na dakta si wenu?"

"Ni wetu, ila anakuja na boti kutoka Dar, Jumanne na Alkhamisi."

"Akishuka kwenye boti anakuwa wa nani?"

Kafikiri. Kafikiri kweli, simlaumu. "Anakuwa wake mwenyewe."

Sasa bima inalipa nini, nikauliza. Inalipa faili. Inalipa vipimo vya damu. Ultrasaundi inalipa. Dawa inalipa, zikiwepo. Nikasema na anayeisoma ultrasaundi akatwambia kovu likoje na kondo limekaa wapi? Huyo ndo dakta ami, elfu hamsini, na leo Jumatano hayupo. Halafu kainama kaninong'oneza kama ananipa siri ya nyumbani kwao, kwamba bima ikilipa inalipa baada ya miezi na bei iliyopangwa haimridhishi, na dakta ana nauli ya boti, anazitaka zake jioni ile ile. Na kusema kweli nikamuelewa dakta. Mie nikiambiwa nisomeshe pembetatu leo nilipwe Mfunguo Sita ningekaa nyumbani. Ila na mie nishalipa! Nalipa kila mwezi, sijapata kuiambia bima isubiri, sijapata kuiambia mfumo wangu haukusomi!

Hapo sauti ilipanda, sikatai, meneja na tai kachungulia. Mama watoto kanivuta mkono wa shati. Kasema taratibu, huku anakifunga kidole chake, "Sasa uchungu ukinijia siku ambayo si Jumanne wala Alkhamisi?"

Kaunta nzima ikatazama chini. Mtoto wa watu kaanza kuzipanga kalamu.

Basi tukapiga ultrasaundi maana ile bima inalipa, na mtoto tumemuona, kageuka katupa mgongo, hata yeye. Tukapewa bahasha. Nje mama watoto kataka maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, muuzaji kanambia elfu mbili fungu, embe nne, moja jicho lishaoza, nikalipa bila kupatana kwa sababu yeye angalau hakutaka kidole.

Na hapo hamjamsikia mkwe wangu. Mama mkwe anakaa Mkoani, Pemba, hatua mbili tatu na Abdalla Mzee, spitali waliyoijenga upya Wachina ikafunguliwa 2016, na tangu mwaka huo haambiliki, maradhi yote ya Unguja dawa yake ipo Mkoani. Juzi kapiga simu. Nikamuamkia shikamoo mama, nikaulizia hali za wote mpaka za mbuzi, halafu nikamueleza.

"Daktari tumempata mama, ila hapokei bima."

"Hampokei nani?"

"Bima."

"Bi Ma wa wapi huyo? Naye ana mimba?"

"Hapana mama, bima, ya kazini."

"Mnafanya naye kazi! Sasa yeye Bi Ma si atafute daktari wake, mwanangu anahusiana nini na mambo yake?"

Nikasema mama, Bi Ma ndo anayelipa. Ikawa kimya. Kwa mbali nikasikia kuku. Halafu kasema pole pole, sauti ile ambayo mtu ukiisikia unaanza kutafuta viatu, "Mwanangu kalipiwa uzazi na mwanamke wa kazini kwako."

Nimechukua dakika ishirini na vocha nzima kuyatoa hayo, na sina hakika yametoka yote, kwa sababu tangu siku hiyo shemeji zangu wawili wananiitikia salamu nusu.

Jana barazani wenzangu nao kila mmoja ana dakta wake. Mmoja kasema nivuke Dar, mmoja kasema nimvushe Pemba, mmoja ambaye hata hajaoa kasema anywe maji ya zamzam na ale tende, kisha wakaingia kwenye bei ya pweza na hawakutoka tena. Na pweza kweli kapanda, hilo hawakusema uongo, mkia mmoja tu... lakini ngojeni, simu.

Ni mkwe. Kasema meli ishamshusha bandarini Malindi, yuko kwenye jua, mbona simuoni mtu. Hakuniambia anakuja! Kasema kamwambia mwanawe. Mwanawe huyu hapa pembeni yangu anatafuna embe anatazama dirishani. Kaja kumchukua mgonjwa wake, mama mkwe, amrudishe Mkoani akazae kwa watu wanaomjua, na kaja na kuku wanne hai, mmoja kashakata kamba yupo chini ya lori la mtu, na kabla hajakata simu kaniuliza, na huyo Bi Ma nitamuona leo au kesho.

Konda, shusha! Shusha bwana, tushapita Mwanakwerekwe. Nauli yangu? Yaani hata hii nayo hairudi?